Wiki Moja Mbele

Mdogo wangu tulimwita Dedilaini, na jina alijitafutia mwenyewe. Tangu kampuni ya barabara ilipomwajiri kuwa mkalimani wa mhandisi mkuu, kila jioni alikuwa anakwenda kwenye darasa la Kiingereza cha kazi, na alichojifunza huko alikuja kukimwaga nyumbani. Chai ikichelewa, alisema imevuka dedilaini. Nikimtuma mkaa, aliniuliza kama huo mkaa umo kwenye ratiba ya wiki au ni dharura. Maneno magumu aliyaandika kwenye vipande vya karatasi akavibandika kwa gundi popote macho yake yangepita: kwenye kioo cha bafuni, nyuma ya mlango, kwenye kabati la vyombo.

Kabati lilipewa maneno ya kupanga tarehe. Kiingereza changu mimi kiliishia kwenye salamu, lakini kila nilipochukua sahani nilikutana na neno forward, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala, "sogeza mbele".

"Utaliharibu rangi kabati la watu," nilimwambia.

"Dada, hili kabati halina rangi tangu Mama yupo hai."

Hapo aliniweza. Baba alikuwa fundi mwashi, nyumba za watu alizipaka mpaka zikang'aa, ya kwake akaiacha hivyohivyo. Kazi moja tu ya nyumbani aliyoifanya kwa moyo wote ni kaburi la Mama. Alilijenga mwenyewe, matofali kwa mkono wake, na saruji ilipokuwa bado mbichi akaandika jina la Mama kwa ncha ya msumari. Hakuna aliyeruhusiwa hata kumchotea maji siku ile.

Sasa barabara ilikuwa inapita hapo. Wenye makaburi walipewa muda wa kuhamisha watu wao, na wengi walishahamisha. Yalibaki yale yasiyo na mwenyewe, na la Mama, kwa sababu Baba aliteleza uani akavunjika mfupa wa nyonga, akalazwa. Kampuni ilishapanga Jumatatu ya kusafisha eneo lote. Daktari naye alisema mzee asingetoka kabla ya Jumatatu hiyo. Angetoka siku chache baadaye, tena kwa magongo.

Tulimwambia Baba tutamhamisha sisi. Alitutazama kutoka kwenye mto kana kwamba tumemtukana.

"Mimi ndiye niliyemlaza," alisema. "Nitamwinua mimi. Hata kama ni kukaa pembeni na kuonyesha kwa kidole, nitakuwepo. Kazungumzeni na hao watu wenu." Kisha akanigeukia. "Na mwiko wangu wa uashi uusafishe. Uko chini ya kitanda."

Basi Dedilaini akaenda kuzungumza. Alirudi jioni ile anatembea kwa madaha, nikajua mambo yamekwenda vizuri. Alikaa mezani hata kabla ya kuvua viatu.

"Nimemwomba mhandisi, mtu kwa mtu," alisema. "Nikampa kwa Kiingereza kilichonyooka. Nikamwambia, tafadhali, kwa ajili ya baba yangu, kazi ya makaburini uifanye forward, wiki moja."

"Akasemaje?"

"Alishangaa kidogo. Akaniuliza, forward, una hakika? Nikamwambia, hakika kabisa. Akaniuliza tena. Nikamwambia, mheshimiwa, ni jambo la familia. Akachukua simu pale pale akapiga, akaniambia imekwisha. Unaona, Dada? Watu wanaandika barua mpaka wino unawaishia. Mimi nimelimaliza kwa neno moja."

Nilimwongezea chakula bila kuombwa. Sitaficha, usiku ule nilijivunia mdogo wangu. Nilimtania muda mrefu kwa zile karatasi zake, na sasa karatasi zilikuwa zimemfanyia Baba jambo ambalo sindano yangu ya ushonaji isingeweza. Kwa vile moyo wake ulikuwa umetulia, aliomba likizo ili akae na Baba wodini, mimi nimalizie nguo za wateja.

Jumatatu iliyofuata, yaani ile ya kabla ya Jumatatu tuliyokuwa tunaihofia, dereva wa katapila alipita kibandani kwangu kuchukua suruali yake. Ni mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Alisimama akaigeuzageuza suruali bila kuitazama.

"Fundi, mbona leo hamkuonekana?"

"Tuonekane wapi?"

"Kule makaburini."

Nikamcheka. Nikamwambia asinitishe, yetu imesogezwa mbele.

"Sijui hayo ya kusogezwa," alisema. "Ninachojua tumeambiwa tuanze leo. Tuliwangoja sana. Mhandisi alimpigia mdogo wako, simu ikaita mpaka ikakata, akapiga tena. Mwisho watu wa afya wakasema hawawezi kukesha pale, asiyekuja mtu wake anakwenda kwenye kaburi la pamoja. Nikasema hapana, huyu ana watu, nawafahamu. Wakaniambia mimi kazi yangu ni katapila."

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali ya cherehani. Niliutoa. Nilimwomba anichukue mpaka kule, naye akanichukua bila kuuliza.

Palikuwa pamesawazishwa. Nilitafuta ile njia nyembamba tuliyokuwa tunapita kila mwaka kwenda kupalilia, sikuona njia, niliona alama za minyororo ya katapila tu. Kule mwisho, ng'ambo ya uzio mpya, kulikuwa na tuta moja refu la udongo mwekundu. Nilimuuliza mlinzi Mama yangu ni yupi humo. Alinijibu kwa upole kwamba wote walifungwa kitambaa cha aina moja, wakapangwa kadiri walivyofika, na hakuna aliyeweka alama. Jina alilolichora Baba kwa msumari lilikuwa limevunjika pamoja na saruji yake na kubebwa kwenda kujaza bonde.

Nililia pale mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Dedilaini simu yake aliizima sauti kwa sababu wauguzi hawataki kelele wodini. Alipokuja kuiangalia, alikuta mhandisi amemtafuta asubuhi nzima. Tulikutana ofisini kwa mhandisi, mimi na vumbi miguuni, yeye na chombo cha uji wa Baba bado mkononi. Wakazungumza. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kidole. Mhandisi alitoa kalenda mezani, akaweka kidole kwenye ile Jumatatu yetu, akakivuta taratibu kuja upande wake, kuja leo. Akamtazama mdogo wangu. Akavuta tena.

Mdogo wangu aliweka chombo cha uji chini sakafuni.

Kumbe kwao kitu kikifanywa forward kinakujia mapema. Kwetu sisi ukisogeza tarehe mbele unaipeleka huko, iende zake, upate nafasi ya kupumua. Ni neno lilelile, limetazama upande mwingine. Na mwenzangu hakuna aliyemtafsiria. Alilitafsiri mwenyewe, akalibandika kwenye kabati, akalisoma kila siku akienda kuchukua kikombe.

"Aliniuliza mara mbili," alikuwa anasema njia nzima. "Mara mbili, Dada. Mtu anakuuliza mara mbili na wewe unamjibu una hakika."

Nilikasirika, na hasira yangu haina adabu. Nilipofika nyumbani nilichukua kisu nikabandua karatasi zote. Nilimwambia ameifukua maiti ya mama yetu kwa mdomo wake. Aliokota vile vipande sakafuni kimoja kimoja, na kumwona ameinama vile, shati lake la kazi limemtoka kwenye suruali, ndipo nilipomwonea huruma. Hatukula.

Baba tulimwambia kampuni iliharakisha. Haikuwa uongo, lakini haikuwa ukweli pia. Alisikiliza, akageuza uso ukutani, na kwa siku kadhaa aliwajibu wauguzi tu. Kisha akatamka jambo moja.

"Nikitoka, nataka kuonana na huyo mkubwa wao. Uso kwa uso."

Alitoka kama daktari alivyosema, katika wiki ileile tuliyodhani tumeipata. Hakutaka kupitia nyumbani. Tulimshusha karibu na uzio, gongo moja mkono wa kulia, mkono wa kushoto begani kwa mdogo wangu, mwiko ukiwa umechungulia mfukoni mwa koti. Niliusafisha kama alivyoniagiza, sikuwa na moyo wa kumwambia auache. Alilitazama lile tuta kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Yupo upande gani?"

Tulitazamana, mimi na mdogo wangu. Alielewa.

Mhandisi alikuja kwa miguu kutoka kwenye gari lake, akavua kofia ngumu akaishika kifuani. Alizungumza taratibu, akimtazama Baba, si mdogo wangu, na mdogo wangu akafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

"Anasema anasikitika sana, Baba. Anasema angekuwa yeye, asingesamehe. Anasema kampuni itaweka jiwe lenye jina lake."

"Jiwe kwenye kichwa cha nani?" Baba alisema. "Muulize hivi. Nani alimwambia aharakishe?"

Dedilaini akaanza kulirekebisha koti la Baba.

"Muulize."

Nilitaka kuingilia. Nilitaka kusema Baba amechoka, jua kali, twende. Kisha nikafikiri: mdogo wangu anaweza kumuuliza mhandisi kuhusu hali ya hewa. Anaweza kumuuliza saa. Mimi na Baba hatujui Kiingereza, hakuna wa kumsuta.

Aliuliza. Najua aliuliza lenyewe, kwa sababu mhandisi alishtuka, akamtazama yeye badala ya Baba, akasema kitu kifupi cha chini chini, kama mtu anayekupa mlango utokee. Mdogo wangu alitikisa kichwa kukataa. Ndipo mhandisi akajibu, na katikati ya jibu lake nikalisikia lile neno la kwenye kabati, forward, na baada ya kidogo nikalisikia tena.

Baba alingoja. Dedilaini akaanza kwa sauti yake ya kazini, ile ya mikutano, bila kutuangalia.

"Anasema aliyemwambia ni mkalimani wake. Anasema mkalimani alikwenda ofisini kwake akamwomba kazi ya huku ifanywe mapema, wiki moja kabla. Alimuuliza kama ana hakika. Mkalimani akasema anayo. Akamuuliza tena. Akasema ni jambo la familia, kwa ajili ya baba yake." Aligeuka akamtazama Baba. "Mkalimani alidhani anaomba muda uongezwe. Hilo yeye hajalisema. Hilo naliongeza mimi."

Kulikuwa na roli linapanda kilima, tukalisikia mpaka lilipomaliza.

"Ana wakalimani wangapi?" Baba aliuliza.

"Mmoja, Baba."

Baba alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akipima ukuta na kukuta umepinda. Hakufoka. Ningefurahi angefoka.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Mdogo wangu akamgeukia mhandisi, akalisema kwa Kiingereza. Lilikuwa fupi na lilimchukua muda mrefu. Alipomaliza, Baba alikuwa ameshautoa mkono begani kwake na anapapasa hewani akinitafuta mimi.