Ekseli Isiyokatika

Ekseli ya nyuma ilikatika zikiwa zimebaki siku kumi nimpeleke shemeji kwa binti yake, safari ya kwenda bila kurudi.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Gereji yetu ilikuwa moja: mimi injini, yeye difu, ule mkusanyiko wa meno katikati ya ekseli, na kila kilichoko nyuma ya gia boksi. Sasa macho yamemwishia. Anaona mwanga na vivuli, basi. Binti yake anakaa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima, na hospitali ya huko ilikuwa imempa baba yake nafasi ya kutibiwa. Baada ya hapo angebaki kwa binti, maana mtu hawezi kupika kwa kupapasa mpaka kufa. Tangu mke wangu aondoke duniani, aliyekuwa akisukuma mlango wangu bila kubisha hodi ni huyo mmoja tu.

Alikuwa ameniomba kitu kimoja. "Usiniache nikapakiwa kwenye basi kama gunia," alisema. "Nipeleke wewe, kwa lile gari lako la kelele."

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, la zamani. Nililinunua bodi tupu nikalifunga injini ya silinda nane, nikaifungua na kuifunga upya mpaka ikatoa nguvu za farasi mia nne. Nilibadilisha breki, klachi na gia boksi. Ekseli ya nyuma niliiacha ile ile iliyozaliwa na gari. Kila mwaka shemeji alinikumbusha, na kila mwaka nilitia pamba masikioni.

Kwa ajili ya safari nilinunua matairi mapya ya nyuma, mapana, laini, yanayoshika lami kama gundi. Nikaenda kuyajaribu barabara ya nyuma ya viwanda. Nilikanyaga mafuta, nikaachia klachi. Gari likainua pua, kukawa na mlio kama wa bunduki, injini ikapiga kelele peke yake na gari likasimama palepale.

Nilitoa simu nitafute wa kumpigia. Majina yalikuwa mengi, yote ya wateja. Nikampigia mtu asiyeona. Alikuja na jirani mwenye pikapu na kamba, wakanivuta mpaka nyumbani.

Tulitoa hafu shafti ya kulia, ule mchuma unaotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Shemeji aliupapasa pale ulipokatikia, taratibu, kama anayesoma.

"Umejisokota kwanza, ndipo ukakatika," alisema. "Chuma hakina kosa. Wewe umefunga farasi mia nne kwa kamba ya mbuzi."

"Mbona kamba ya mbuzi imevumilia miaka yote hii?"

"Kwa sababu matairi yako yalikuwa yanateleza. Tairi likiteleza, nguvu inamwagika barabarani. Sasa umefunga yasiyoteleza, ulitaka nguvu ipite wapi? Ekseli haipimwi kwa injini peke yake, shemeji. Inapimwa kwa tairi na uzito wa gari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevunjika ekseli."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha akanipa shauri. Nitafute ekseli kama ile ile, inaingia kwa siku moja. Nirudishe matairi ya zamani, tuende taratibu, nimfikishe. Nikirudi nitafute ya pikapu ya petroli ya silinda sita: shafti zake nene, upana wake haupishani sana na wa gari langu, na mwendo wake unafaa. Hicho ndicho kipimo cha gari langu, alisema.

"Na hiyo ndogo ikikatika njiani, na wewe uko ndani?"

"Haitakatika ukiendesha kama mtu mwenye abiria."

Nilisikia neno kukatika tu. Usiku ule nilikula nimesimama jikoni na sauti ya ule mlio haikunitoka. Nilijiona porini, boneti liko wazi, kipofu amekaa pembeni yangu na gari haliendi. Nikaapa sitafunga tena kitu chenye uwezo wa kukatika.

Mama mwenye yadi ya skrepa alikuwa na ndogo, alikuwa na ya pikapu, na nyuma kabisa, chini ya mlango wa basi, alikuwa na ya lori la tani tatu. Shafti zake zilikuwa nene kama mkono wangu. Nilizipima kwa kipimo cha chuma, nikazipima tena.

"Hiyo ya lori?" mama aliuliza. "Unakwenda kubeba mchanga?"

"Nabeba shemeji yangu."

"Maskini. Ana unene gani?"

Nilimlipa, vijana wake wakaipakia, ikakandamiza springi za pikapu ya jirani mpaka chini.

Ilizidi upana wa gari kwa kiganja kizima kila upande. Nilikata mirija yake, yale mabomba yanayofunika shafti, pande zote mbili na kuichomelea upya. Chini ya gari nilikata vikalio vya springi vya zamani na kuchomelea vipya, vikubwa. Shafti nilizipeleka kwa mkereza vyuma azifupishe na kuzichonga meno mapya. Yule mkereza aliniambia kilicho kigumu kwenye shafti ni ile ngozi yake ya juu tu. Ndani ni laini. Ukichonga meno mapya lazima uyachome moto na kuyazima kwenye oili, la sivyo yatalika kama jibini. Nikamwambia achome. Akaniambia basi nisubiri.

Jioni shemeji alikuwa anakuja, anakaa juu ya lile tairi pana, ananiuliza nimefika wapi. Namjibu nikiwa chini ya gari. Aliongea na viatu vyangu, kwa kifupi. Jioni moja aliuliza:

"Krauni yake ina meno mangapi?"

Nilikuwa nimepima unene, upana, mirija, boliti. Meno sikuhesabu.

"Hesabu," alisema.

Nilihesabu ya krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, nikahesabu ya pinioni, lile dogo linalozungushwa na propela kutoka gia boksi. Nikamwambia.

"Yaani propela izunguke mara sita ndipo gurudumu lizunguke mara moja," alisema. "Hiyo ni ya kupandisha mzigo mlimani. Injini itapiga kelele kama cherehani na baiskeli zitatupita. Shemeji, umenunua trekta."

Safari hii alicheka peke yake.

Krauni ya mwendo mrefu kwa difu ile haikuwepo kwa mama wa skrepa, wala duka lolote la spea. Iliagizwa mbali. Shemeji aliuliza kama ile ndogo bado ipo yadi. Nikasema ipo. Akauliza kama inaweza kuingia. Nikasema vikalio vyake nimeshavikata. Alitikisa kichwa, akapapasa fimbo yake, akaaga. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku ya safari binti, aliyekuwa amesafiri kuja kumchukua baba yake, alikuja na teksi. Tiketi mbili za basi alikuwa amezishika mkononi. "Shikamoo, baba," aliniambia, macho yake yakiwa kwenye gari lililokaa juu ya magogo, halina magurudumu ya nyuma.

"Marahaba. Krauni haijafika."

"Hospitali hawasubiri, baba. Akikosa safari ya leo, anarudi mwisho wa foleni."

"Najua."

Shemeji alichuchumaa nyuma ya gari. Alipitisha kiganja chake juu ya mirija, juu ya mishono yangu ya kuchomelea, akafika kwenye kitovu cha gurudumu, akakishika kwa mikono miwili na kukitikisa kwa nguvu zake zote. Hakikucheza hata kidogo.

"Hii haikatiki," alisema.

"Haikatiki."

"Kazi nzuri." Akajifuta mikono kwenye suruali yake ya safari, binti akaguna. "Haya, shemeji. Kula ukiwa umekaa. Dada yangu alikuwa hapendi watu wanaokula wamesimama."

Teksi ilikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Binti alinionyesha kiti, niwasindikize mpaka stendi. Nilisema mikono yangu imejaa grisi. Shemeji aliinama kuingia, akajigonga kichwa mlangoni, akamtania dereva kwamba gari lake limejengwa na mtu mfupi. Kisha wakaondoka.

Krauni ilifika, nikaifunga. Nilikwenda na gari barabara ile ile ya nyuma ya viwanda, nikaachia klachi kama mwanzo. Matairi yalishika, gari likaruka, hakuna kilicholia. Nikarudia mara tatu. Mlinzi wa kiwanda alitoka getini akatazama, akarudi ndani. Sikuwa na wa kumwambia.

Matibabu hayakusaidia. Binti alinieleza kwa simu kwamba baba yake hajambo, ila amekuwa mtu wa kulala sana. Naweza kwenda kumwona wakati wowote, gari linafika. Lakini yeye hakuomba kutembelewa. Aliomba kupelekwa.

Ekseli ile ilinigharimu hivi: chuma chenyewe, krauni ya kuagiza, kazi ya mkereza, mitungi miwili ya gesi, na vikalio vya springi nilivyovikata bila sababu. Jioni zote za mwisho za shemeji hapa kwangu, ambazo niliongea naye nikiwa nimelala chali chini ya gari. Na safari moja ya kutwa nzima, watu wawili, mwendo wa taratibu.