Alama za Meno Kwenye Ufito wa Babu Jafta

Babu Jafta alipofariki alituachia fito tatu za kuvulia, na wajomba zangu wawili wa kuzigombania.

Fito hizo zilikaa darini miaka mingi. Babu alikuwa na tabia ya kumalizia kila kopo la rangi kwenye kitu kilichokuwa karibu naye. Chini zilikuwa na kijani cha mashua, juu yake nyeupe ya madirisha, juu kabisa waridi ya chumba cha Bibi. Ungeziona usingejua mwanzi ni upi na bomba la maji ni lipi.

Ufito mmoja kati ya hizo ndio uliomtoa kabeljou, samaki mkubwa wa pwani yetu, wa kilo thelathini na nne pale kwenye mwamba wa Stompkop. Kijiji kizima kinajua kisa hicho. Mshipi ulijifunga fundo kwenye gurudumu la kuukunjia huku samaki anavuta, basi Babu akaung'ata mpini ili mikono yake miwili ifungue fundo. Wimbi likampiga kifuani, hakuuachia. Alisema alama za meno zimo mpaka leo, chini ya rangi.

Mjomba Floors aliutaka ufito huo autundike kwenye ukuta wa klabu ya wavuvi, karibu na picha yake mwenyewe. Mjomba Sakkie aliutaka kwa sababu Floors aliutaka. Mimi niliutaka nivulie. Niliutaka tangu nina miaka kumi, nilipoacha shule nikakaa na Bibi Mietjie, akanifundisha kufunga kwa uzi pete za fito zinazopitisha mshipi. Lakini kusema "naomba" mbele za watu sijawahi kuweza. Hata dukani huonyesha kwa kidole.

"Drieka," Mjomba Floors aliniambia, "una mkono mwepesi na mdomo mzito. Kwangua rangi, tuone ni upi."

Nikakwangua uani siku nne, kwanza kwa kipande cha chupa, kisha kwa msasa. Waridi ikatoka, nyeupe ikatoka, kijani kikatoka kwa shida, na chini yake mwanzi ukatokea, rangi ya asali, na uzi mwekundu bado umeshika pete.

Ufito wa kwanza haukuwa na kitu. Kwenye mpini wa ufito wa pili kulikuwa na alama ndogo ndogo.

"Hayo!" Mjomba Floors akaruka. "Meno ya Baba!"

"Hayo ni ya panya," Mjomba Sakkie akasema.

"Baba alikuwa na meno madogo."

"Lakini si mawili tu, Floors!"

Wa tatu ulikuwa na alama zenyewe. Zilijipanga juu na chini, zimenyooka kama mshono wa cherehani. Mjomba Floors alivua kofia. Mjomba Sakkie alipenga kamasi. Kisha wakaanza upya: nani aurithi?

"Aliyerithi meno ya Baba ndiye aliyerithi ufito," Mjomba Floors akaamua. "Tung'ate kitu, tulinganishe."

Kilichokuwa karibu ni mche wa sabuni ya kufulia. Mjomba Floors akaung'ata. Mjomba Sakkie akaung'ata upande wa pili. Wakanipa nikague, huku wao wanatema povu kwenye maua ya Bibi.

Pande zote mbili, katikati hapakuwa na alama ya jino. Vijana wa kwetu zamani walikuwa waking'oa meno manne ya mbele ya juu, ndio ulikuwa utanashati, na ya bandia yanangoja kanisa ndani ya glasi. Nikaangalia ufito. Alama zake hazikuwa na pengo. Nikaangalia kupitia dirishani picha ya harusi ya Babu, anacheka, na pengo lake limekaa wazi kama goli.

"Babu alikuwa na pengo," nikasema.

Wakaacha kutema povu. Hawakuwa wamenisikia tangu Jumatatu.

"Labda siku hiyo alivaa ya bandia," Mjomba Floors akasema.

"Baharini? Baba aliyavaa Pasaka tu, na mahubiri yakianza anayatia mfukoni!"

"Basi nani aling'ata?"

Bibi Mietjie alikuwa amekaa mlangoni akishona kifungo. Ana miaka sabini na tisa na hajapoteza jino hata moja. Akakata uzi kwa meno. Kacha!

Tukamgeukia wote.

"Mmechelewa miaka arobaini na moja," akasema.

"Mama! Ni wewe?"

"Baba yenu alikuwa ameteguka mguu, kakaa mwambani ananipigia kelele. Mietjie, legeza! Mietjie, kaza! Samaki hakunichosha kama yeye."

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa Jumapili, na mimi mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Yeye dhambi moja zaidi isingemzidishia kitu. Halafu alikuwa anasimulia vizuri, mjinga yule."

Hapo nikaelewa kwa nini makopo yote ya rangi yaliishia kwenye mipini: Babu alikuwa akificha meno yasiyo yake.

"Basi ufito ni wako, Mama," Mjomba Sakkie akasema. "Utampa nani?"

"Atakayeuvulia. Kesho alfajiri, Stompkop, maji mpaka kiunoni."

Mjomba Floors akakumbuka goti lake. Mjomba Sakkie naye akakumbuka goti la Floors, kwamba lazima abaki kuliangalia.

Bibi akanitazama. Nikaunyooshea ufito kidole.

"Hapa si dukani, Drieka."

Masikio yalinichemka. "Naomba," nikasema.

"Kasema nini?" Mjomba Sakkie akauliza.

"NAOMBA UFITO!" nikasema, mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Ala! Kumbe una sauti," akasema Bibi, akarudi kwenye kifungo chake.

Nikaupaka vanishi mara tatu, mpini sikuugusa kwa msasa. Samaki wa kwanza alikuwa mdogo kama kandambili, tukamla hivyo hivyo.

Mjomba Floors naye hakurudi klabuni mikono mitupu. Alitundika ule wa pili. Wageni wakipita huonyeshwa alama za meno, na wengine huvua kofia kumheshimu yule panya.