Maua Aliyoyatunza Fidel

Acom alitoka Sikuda mapema, nywele zimesukwa upya, yeye na bibi yake Ariokot wamepakiwa boda moja. Bustani mpya ya mimea mjini Tororo ilitafuta mtu wa kutunza vitalu, na msimamizi wake, Fidel, alikuwa amemwambia kwenye simu, "Njoo kwanza uzunguke, uone. Saa sita tuongee. Na cheti uje nacho."

Cheti cha Acom kilikuwa cha darasa la saba. Alikikunja mara nne, kana kwamba kikiwa kidogo na aibu itapungua.

Wakazunguka. Kwenye bustani ya mawe, bibi aliiona mipungate imezungushiwa seng'enge, akaangua kicheko. "Miiba inalindwa na miiba! Nani ataiba?" Kwenye bustani ya dawa alitaja kila jani na ugonjwa wake mpaka wageni wakaanza kumfuata. Kwenye bustani ya manukato akapiga chafya saba. Acom hakuwa amecheka hivyo tangu mavuno.

Wakafika kwenye nafaka. Mtama ulikuwa umedumaa, majani ya njano, na chini yake maua ya zambarau yamezungushiwa mawe ya chokaa. Kibao kilisema: MAUA. USIGUSE.

Bibi hajui kusoma. Na kwao Sikuda, gugu lile unaling'oa hata kwenye shamba la mtu mliyegombana naye. Kabla Acom hajamvuta gauni lake la gomesi, mashina kumi yalikuwa mkononi.

"Wewe bibi! Hapana kung'oa!" Fidel alikuja mbio. "Maua hayo nimeyatunza mwenyewe miezi miwili!"

"Umetunza mwizi, mwanangu," bibi akasema, akang'oa la kumi na moja.

Kazi imekwenda na maji, Acom aliwaza. Angeweza kujifanya hamjui yule bibi. Lakini alipiga magoti, akachimbua kwa vidole kando ya shina moja, taratibu, mzizi usikatike, akainua bonge la udongo. Mzizi wa ua ulikuwa umeng'ang'ania mzizi wa mtama kama mtoto kwenye ziwa la mama.

"Unamwagilia mtama, anayekunywa ni huyu," alisema. "Mbegu zake ni kama vumbi. Zikimwagika, zitakaa hapa miaka. Tuyang'oe leo, tuyachome. Msimu ujao panda kunde."

Fidel alichuchumaa, akatazama, akaupapasa ule mzizi. "Na mimi kila wiki naongeza mbolea!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nilisomea maua, dada. Mtama sikusomea. Wewe ndiye tuliyeongea kwenye simu, sivyo? Haya, cheti?"

Acom akakikunjua, mkunjo kwa mkunjo. Fidel akakisoma, akamrudishia.

"Jumatatu, saa moja asubuhi. Na kibao hicho utakiondoa wewe."

"Jumatatu ni mbali," bibi akasema, akikunja mikono ya gomesi. "Kijana, lete kiberiti."