Asari ya Mbaribari

Lilian alipoibandua lebo ya kwanza na kuisoma, kijasho chembamba kilimtoka.

Akarudia kusoma herufi moja moja, akiomba yawe macho yake tu yaliyokosea. Hayakukosea. Chini ya picha ya nyuki, mahali pa anwani ya tovuti, paliandikwa asarimbaribari.co.tz. Jina alilolisajili yeye lilikuwa asalimbalibali.co.tz. Ni herufi tatu tu, lakini katika mambo ya mtandao hata moja inatosha kumpeleka mgeni nyumba ya jirani.

Nyuma yake, uani kwa Mama Boke, wanawake wa kikundi cha ufugaji nyuki walikuwa wakipanga chupa huku wakicheka. Kesho asubuhi gari la hoteli moja ya watalii lingefika Mbalibali kuchukua mzigo wao wa kwanza. Mnunuzi alikuwa ameshasema kwamba wageni wake wakirudi kwao hutaka kuagiza tena, kwa hiyo bila tovuti hakuna mkataba. Na lebo nyingine zisingeweza kuchapwa na kufika kabla ya gari.

Jina hilo Lilian alikuwa amelihangaikia kama mzazi anavyohangaikia jina la kifunguamimba. Mazuri mafupi yalikuwa yameshachukuliwa. Yaliyobaki yalijaa namba na vistari, na jina la namna hiyo huwezi kumtajia mtu aliye juu ya bodaboda akaelewa. Ndipo akachagua jina la mahali. Aliwaambia akina mama kwamba jina zuri ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja anaweza kuliandika.

Basi lilikuwa limesikika, na likaandikwa. Akampigia simu Nikolaus, mchapaji wa Tarime mjini.

"Nikolaus, umeniua! Nani kakwambia uandike 'asari'?"

"Wewe, dada."

"Mimi? Mimi najua l inakaa wapi!"

"Hukuniandikia, ulinitumia sauti. Isikilize kwanza, halafu unipigie unitukane vizuri."

Akaisikiliza. Siku ile jina lilikuwa ndiyo kwanza limekubaliwa, na kwa furaha aliongea harakaharaka. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile iliyorudi kutoka chuoni Mwanza ikijidai kwamba Kikurya kimeng'oka kwenye ulimi, nayo ilitamka waziwazi: "Andika asari mbaribari." Aliona aibu, akaona hasira, kisha hofu ikavimeza vyote viwili. Tangu jana Nikolaus alikuwa ameweka picha ya lebo hizo kwenye status yake, na Vincent wa Sirari hakosi kuangalia status za watu.

Vincent hakuwa mwizi. Alikuwa anawahi tu. Akisikia biashara inataka kufunguliwa, hulisajili jina lake kabla ya mwenyewe, kisha hukaa kimya akisubiri kubembelezwa. Mwenye gesti mmoja wa Nyamongo alimbembeleza mpaka akachoka, akaishia kubadilisha kibao cha gesti.

Lilian alikimbilia kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao wa kuaminika, akapanda juu kabisa ili alisajili na lile jina la kwenye lebo kabla Vincent hajaliwahi. Kila vidole vilipofika kwenye r vilikwenda kwenye l, jinsi fimbo za mwalimu wa darasa la tatu zilivyovifundisha. Akafuta, akaandika upya. Kiduara kikazunguka. Mungu wangu, Vincent awe na shughuli nyingine leo.

Jina linapatikana.

Akalipa kwa simu, na hapohapo mtandao ukakata.

"Ririani!" Mama Boke, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa anakuja, chupa mkononi. "Mbona umepanda huko kama unachunga ng'ombe? Kwani rebo zina shida?"

Lilian aliinyoosha simu juu, akaishusha, akaigeuza kuelekea Mugumu, kwenye mnara wa simu. Simu ikatikisika: usajili wako umekamilika. Akakaa palepale juu ya kichuguu. Angeyaunganisha majina yote mawili, yawe milango miwili ya nyumba moja.

Mama Boke alikuwa ameisogeza chupa mbali na macho yake, akifuata maandishi kwa kidole. "A-sa-ri. Mba-ri-ba-ri." Akatabasamu kwa namna ambayo Lilian hakuwahi kuiona. "Hiri nimerisoma mwenyewe, mwanangu. Rire ra kwanza urironiandikia ririkuwa rinanipiga chenga. Au kuna mahari umekosea?"

Lilian alimtazama.

"Hapana, mama," akasema. "Rimeandikwa vizuri."

Akashuka, akachukua lebo nyingine na kuibandika kwenye chupa, akaisugua kwa dole gumba taratibu, herufi kwa herufi, mpaka vipovu vyote vya hewa vikaisha.