Mikunjo ya Mjomba

"Haifai," kisanduku kilisema, kisha kikaitema noti ya Mjomba kama mtoto anavyotema dawa chungu.

Ofisi ya soko ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Wenye maduka ishirini na wawili walikuwa wamebanana kati ya kabati la mafaili na meza ya Mwenyekiti, na hadi dakika ile walikuwa wakicheka na kupigana mabega, kwa sababu kisanduku kilikuwa kimesoma noti zao zote bila kusita: elfu moja, mia tano, mia mbili, elfu moja. Kilikuwa kimeikamata hata ile noti bandia ambayo Mwenyekiti aliihifadhi kwenye droo yake makusudi. Sasa vicheko vilikatika kama redio iliyochomolewa ukutani. Mwenye noti alikuwa amekaa kiti cha mbele, mzee asiyeona, fimbo kaiweka katikati ya magoti, shati la kutokea limefungwa vifungo vyote hadi kooni.

"Kiulize tena," Mjomba alisema. "Huenda hakikunisikia."

Fundi, mpwa wake, ambaye ndiye aliyekibuni kisanduku kile, aliinyoosha noti kwa kiganja na kuirudisha mdomoni mwa mashine. Haifai. Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyingine. Nayo haikufaa.

"Hiyo si sauti ya mke wako, mpwa wangu? Jumapili nimekula kwake sahani mbili, leo ananiambia sifai."

Watu walicheka, lakini si kicheko kile cha mwanzo.

Ilikuwa sauti ya mke wake kweli. Fundi alimrekodi jikoni, mlango umefungwa, mwanamke wa watu akisema "elfu moja" mara kumi na saba mpaka akatishia kuomba mshahara. Kwenye karatasi Fundi alikuwa amemwandikia "noti hii si halali". Mkewe alikataa katakata. Yeye si hakimu, alisema. Kwake kitu kibovu hakifai, iwe nyanya, iwe noti, iwe mume, na hapo alimtazama Fundi kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Mjomba alikuwa mtengeneza brashi. Brashi za nguo, za viatu, za chupa, za kupakia chokaa. Alikaa nazo kwenye lango la soko miaka arobaini, mgongo ukutani, ubao wenye matundu mapajani, akipachika nyuzi tundu baada ya tundu bila kukosea. Dada yake alipofariki alimchukua Fundi akiwa na miaka minne na kumlea kwa brashi hizo hizo. Lakini sokoni hawakumheshimu kwa brashi. Walimheshimu kwa kidole gumba. Mtu akiitilia noti shaka, alijibiwa: mpelekee Mjomba. Mjomba aliisugua kwa gumba, akaisogeza sikioni, akaivuta kwa mshtuo mmoja ikalia, kisha akatoa hukumu. "Hii imezaliwa benki." Au: "Hii imezaliwa chumbani kwa mtu." Malipo yake yalikuwa salamu. Katika miaka arobaini hakuna aliyewahi kumpa noti mbovu akaipokea, na walijaribu, maana soko halikosi wajanja.

Noti zake mwenyewe alizikunja. Mia mbili aliiacha ilivyo. Mia tano aliikunja mara moja katikati. Elfu moja aliikunja sehemu tatu, kama barua, ili mkono ukiingia mfukoni usiwe na haja ya kuuliza. Fundi aliijua mikunjo hiyo kabla hajajua kusoma.

Yeye Fundi alikuwa mtu ambaye mashine zilimpenda na kumwonea kwa zamu. Miaka tisa alitunza mashine za kusoma kadi za nauli katika kituo cha mabasi, mpaka zikaletwa mpya zisizohitaji kutunzwa na mtu, naye akaambiwa asante. Basi akaamua kuzaa za kwake. Alibuni kufuli la mlango linalosoma kadi, likamfungia mwenye nyumba msalani kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Alibuni kifaa cha kusoma mistari iliyochapwa kwenye pakiti za bidhaa, kikawa kinaita kila kitu sabuni. Wapangaji wenzake wakawa wanamwuliza habari za asubuhi kwa kusema, "Leo ni sabuni au si sabuni?" Naye anacheka nao. Angefanya nini?

Kisanduku cha noti kilikuwa tofauti, kwa sababu hakikuanzia kichwani mwake. Kilianzia siku Mjomba alipougua homa, na ncha za vidole vyake zikafa ganzi mwezi mzima. Fundi alimkuta ameshika noti mdomoni, akiipima kwa midomo, na alipomsikia mpwa wake akaificha haraka kama mtu aliyefumaniwa. Ganzi ilipita. Ile picha haikumtoka Fundi. Alitaka mzee awe na kitu cha kumsomea noti ikiwa vidole vitagoma tena, na alitaka kiwe zawadi ya ghafla. Kwa hiyo alipohitaji noti za majaribio aliazima za jirani, za kinyozi, za duka la dawa, na nyingine akabadilisha benki. Noti mia tatu zilipita ndani ya kisanduku. Hakuazima hata moja ya Mjomba, asije akashuku.

Na ndiyo maana pale ofisini, noti ya pili ilipotemwa, Fundi alijua. Haikumchukua muda unaotosha kupiga chafya. Kisanduku kilikuwa na macho matatu, na kila jicho lilipima mwanga unaopenya kwenye karatasi. Jicho la tatu alilipachika pale hasa ambapo mkunjo wa Mjomba unapita. Kwenye mkunjo wino umekwisha, mwanga unapenya wazi, na jicho linaona karatasi tupu. Hakuna mtu mwingine sokoni aliyekunja noti kama barua. Kati ya binadamu wote waliokuwamo mle, kosa lile lingeweza kumpata mmoja tu, yule ambaye mashine ilibuniwa kwa ajili yake.

Mwenyekiti, mwanamke mwenye viwili viwili vya kila kitu, simu mbili, miwani jozi mbili, moja usoni na nyingine kichwani, alikuwa ameshafungua kalamu. Karatasi ya mkataba ilikuwa mbele yake: visanduku ishirini na viwili, kimoja kila duka. Alimtazama mzee, akamtazama Fundi.

"Fundi, nieleze nielewe. Kosa ni la noti au la mashine?"

Fundi aliona kalamu. Aliona wenye maduka, ambao nusu yao walishawahi kumwuliza habari za sabuni. Alifikiria cherehani ya mkewe, iliyouzwa ili kununua macho yale matatu, na pembe ya chumba ilipokuwa imesimama, ambapo mpaka leo mkewe hakuweka kitu. Angeweza kusema: nipeni siku mbili. Maneno matatu tu.

"Mashine haina kosa, mama," alisema.

Mjomba aligeuza kichwa taratibu upande ilipotoka sauti. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akapokea noti zake mbili, akazikunja zote sehemu tatu na kuzirudisha mfukoni.

"Basi nimeuziwa bandia," alisema. "Vidole navyo ni watu, vinazeeka."

Akainuka. Watu wakampisha. Nyuma yake Mwenyekiti akatia sahihi.

Jioni ile ile, jua halijazama, Fundi alikifungua kisanduku na kulisogeza jicho la tatu, upana wa punje ya mchele, si zaidi. Akaikunja noti kama barua mara ishirini, akaipitisha. Elfu moja, sauti ya mkewe ikasema. Elfu moja. Mkewe mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake akikausha mikono, akauliza kwa nini analisogeza jicho ambalo mchana halikuwa na kosa. Fundi alimwambia. Yule mama aliacha kukausha mikono. Baadaye alisema tu kwamba kati ya sauti zote duniani, iliyomkataa Mjomba ni ya kwake, na kwamba kesho asubuhi mtu aende langoni akaseme.

Kesho asubuhi Fundi alikuwa na visanduku vya kuunganisha. Keshokutwa nyaya hazikutosha. Wiki iliyofuata kilibaki kisanduku kimoja, akaona heri amalize kwanza ili asije akawatia watu wasiwasi bure. Kila siku ilikuja na sababu yake, tena sababu nzuri, ambayo ungeweza kumweleza mtu akakuelewa. Ila hakumweleza mtu.

Sokoni hakuna aliyemtukana Mjomba. Ingekuwa nafuu. Watu waliacha tu kumpelekea noti zao, maana sasa kila duka lilikuwa na jaji wake anayetumia umeme. Naye akienda kununua sukari, muuzaji aliichukua noti yake kwa heshima zote na kuipitisha kwenye kisanduku mbele yake. Elfu moja, kisanduku kilisema, kila siku, bila kukosea. "Haya, leo ni nzima," muuza viatu alimwambia mara moja, kwa wema kabisa, na kumgonga begani. Wiki ya nne Mjomba hakuonekana langoni. Alisema jua la pale limekuwa kali, ingawa ukuta ule ulikuwa na kivuli tangu ulipojengwa.

Wiki ya tano Fundi alikwenda kwenye kikao cha wenye maduka na kusimama. Alisema yote: jicho, mkunjo, kalamu, jibu lake. Katikati alijikanganya, akarudia mwanzo. Walimsikiliza. Mwenyekiti akashusha miwani ya kichwani, akauliza kama kosa limekwisha rekebishwa. Limerekebishwa. Lini? Siku ile ile. Visanduku vyote? Vyote. Basi, akasema, kuna nini tena cha kujadili? Muuza viatu akasema angalau safari hii hakikuita kitu sabuni, watu wakaangua kicheko, na kikao kikahamia kwenye suala la mfereji ulioziba. Fundi alibaki amesimama kwa muda, kama mtu aliyebeba mzigo mzito hadi mlangoni akaambiwa hauhitajiki, auweke popote.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba.

Alimkuta chumbani, dirisha wazi, amekaa chini na ubao wake mapajani. Mafungu ya nyuzi yalikuwa yamezagaa mkekani, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa. Akaanza kueleza tena, na safari hii hakurudia mwanzo. Mjomba alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi. Fundi alipomaliza, mikono ilisimama.

"Ulijua pale pale?"

"Pale pale, mjomba."

"Kabla hujamjibu yule mama."

"Kabla."

Nje mtu alikuwa akifua, wakasikia maji yakimwagwa. Mjomba alipapasa ukingo wa ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anayeupima.

"Ungenifuata nje ukaniambia mimi peke yangu," alisema. "Ningenyamaza. Unafikiri ningekuharibia kazi yako? Ningekaa langoni pangu wacheke wapendavyo, lakini mimi najua." Akavuta pumzi. "Sasa na mimi niliwaamini nyinyi kuliko vidole vyangu."

Fundi aliomba radhi. Mjomba alimwambia amesamehewa, na alisema haraka, kama mtu anayetaka neno hilo lipite wasiliongelee tena. Mwishowe Fundi, asijue afanye nini na mikono yake, alitoa noti mfukoni na kuiweka kwenye kiganja cha mzee. Mjomba akaisugua kwa gumba. Akaisogeza sikioni. Akaivuta kwa mshtuo, ikalia.

"Elfu moja," alisema. "Imezaliwa benki."

Ilikuwa elfu moja, mpya kabisa. Fundi alitaka kucheka, akataka kumwita mkewe aje asikie.

"Ni kweli?" Mjomba akauliza.

"Kweli, mjomba."

"Hunifurahishi tu?"

"Wallahi ni kweli."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akamrudishia noti, akauvuta ubao karibu. Alichukua fungu la nyuzi, akalikanda kati ya vidole, akalilaza chini. Akachukua jingine, akalikanda pia, akarudi kwenye la kwanza. Kwenye ubao, safu ya mwisho ilikuwa na matundu manne yaliyojazwa kimakosa nyuzi laini katikati ya ngumu. Fundi aliyaona sasa tu. Mjomba alilinyanyua fungu na kumsogezea.

"Hebu nishikie hizi. Ni za viatu au za nguo?"

Fundi alizipokea. Alizipitisha kwenye gumba lake, kwenda na kurudi, akafumba macho, akazipitisha tena, huku Mjomba ameinamisha kichwa akisubiri jibu.