Kibao Mlangoni kwa Ndambuki

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, mwaka wa 1977, Ndambuki akiwa sokoni Gikomba anasukuma mbao za watu. Aliporudi mtaani kwake Jericho jioni alikuta mbele ya mlango wake, pale alipozoea kulaza mkokoteni, pamemwagwa kokoto na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Pembeni ilisimama nguzo yenye kibao, na kwenye kibao neno moja la Kizungu. Nguzo yenyewe walikuwa wameichimbia kando ya lile doa jeusi la ardhi ambapo marehemu mkewe, Mbeti, aliweka jiko lake miaka yote ya kuchoma mahindi.

Mbeti alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Siku alipozidiwa, gari la kumfikisha hospitali lilikwama kwenye mashimo ya barabara, na wakubwa walipoulizwa walisema hakuna kokoto. Sasa kokoto ilikuwa imepatikana.

"Linasema nini?" alimuuliza binti yake, Ndindi, aliyesoma mpaka akapata kazi ya kupiga taipu mjini.

"Linasema hapa pamewekwa, baba. Mtu mwingine asiegeshe gari."

"Pamewekewa nani?"

"Hilo halisemi."

Ndambuki akacheka kwa pua. "Ndio hao. Hata wakikunyang'anya hawaachi jina."

Waliosimamisha kibao walikuja na lori la kijani wakaondoka bila kusema wametumwa na ofisi gani. Neno moja tu walimwachia Wanyoike, askari wa kulinda maduka ya pale karibu: aangalie pasichezewe. Hawakumwambia aangalie mpaka lini, wala mshahara wa kazi hiyo atauchukua wapi. Lakini Wanyoike alikuwa mtu wa kushika neno kwa mikono miwili. Alipafagia kila asubuhi. Hata firimbi aliinunua kwa pesa zake.

Mwenyewe, yule aliyewekewa, hakuja. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikarudi, hakuja. Na watu wa Jericho, ambao hata kwenye foleni ya maji hawapishani, wakajifunza kumheshimu mtu ambaye hawajamwona. Mpira wa watoto ukiangukia ndani ya mawe meupe, walisimama nje wakangoja Wanyoike autoe. Wacuka, jirani wa ukuta kwa ukuta na Ndambuki, alihamisha kamba yake ya nguo, eti si adabu suruali ya mume wake idondoshee maji mahali pa mkubwa. Mwalimu mmoja mwenye Fiati aliingiza gurudumu moja tu, mtaa mzima ukatoka milangoni kumtazama mpaka akaliondoa mwenyewe. Ndambuki alipita hapo kila siku akitema mate kwa hasira. Lakini hata yeye alitemea nje ya mawe.

Ndindi akapata mchumba, fundi wa redio kutoka Machakos. Baba wa kijana alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mambo yote yalikuwa mikononi mwa ami yake, mzee Mutisya, mtu wa kofia na bakora, mwenye pikapu ya Pijo, ambaye ukoo wake wote ulimwogopa. Yeye ndiye alipaswa kuleta mbuzi wa ntheo, ambao bila wao, kwa Wakamba, msichana bado ni wa kwao hata akizaa watoto kumi.

Mara ya kwanza walikuja Aprili, mvua ikiwa imeshika. Pikapu ilisimama madukani, Mutisya akaja kwa miguu na mbuzi wake nyuma, na matope ya Jericho yakamvua kiatu. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, watoto wakicheka, kisha akageuka akarudi na mbuzi wake. Baadaye alituma ujumbe: atakuja mara moja tu tena. Akiona watu hawa bado hawajui kupokea mgeni, kijana atatafutiwa kwingine.

Ndindi hakulia. Aliacha tu kuimba akiosha vyombo, na Ndambuki, aliyekuwa amebaki na sauti hiyo moja tu ndani ya nyumba, akakosa usingizi.

Akameza kiburi chake, akaenda kwa Wanyoike. Mtaa mzima ulikuwa matope. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu: ndani ya mawe meupe.

"Jumamosi alasiri tu, Wanyoike, wakwe waegeshe hapo. Wakishakula wanaondoka."

"Na mwenyewe akija?"

"Karibu miaka miwili hajaja."

"Ndiyo maana naogopa hiyo Jumamosi yako," Wanyoike alisema. "Mtu aliyechelewa hivyo hawezi kuwa mbali."

"Wewe unalinda hewa."

"Ni hewa ya mtu, Baba Ndindi."

Basi Ndambuki akafanya alichoweza. Aliosha mkokoteni wake kwa sabuni, akatandika zulia la kuazima, akafunga juu yake kiti chenye mikono. Pikapu ingesimama madukani, naye angemvuta mkwe juu ya matope mpaka mlangoni.

Wacuka alikuja kutazama, mikono kiunoni. "Yaani utamleta mkwe kama gunia la viazi?"

"Kama kabati, Mama Chege," Ndambuki alimjibu. "Kabati la mtu huwa naliendesha polepole."

Jumamosi ilipofika, Ndambuki alisimama madukani ndani ya koti lake la arusi, akishika mikono ya mkokoteni. Pijo ikatokea. Akapunga mkono. Mutisya, aliyeona mtu wa mkokoteni akipunga mkono, alidhani anaombwa kazi ya kubeba mizigo. Akapita.

Ndambuki akaacha mkokoteni, akakimbia nyuma ya gari akipiga matope mpaka magotini. Aliona pikapu ikipunguza mwendo mbele ya nyumba yake. Iliyumba kidogo kwenye tope, kisha ikageuza na kuanza kurudi kinyumenyume, taratibu, bila haraka wala wasiwasi, mpaka ikatulia katikati ya mawe meupe.

Wanyoike alikuwa na firimbi mdomoni. Lakini alipoona jinsi gari lile lilivyoingia, kofia ile, koti lile jeusi, bakora ikitangulia kushuka, firimbi ikamtoka. Huyu hakuuliza. Huyu alijua anapokwenda. Wanyoike akapiga saluti mpaka kofia yake ikaanguka.

"Amekuja," akasema kwa sauti ya kukauka. "Jamani, mwenyewe amekuja."

Milango ikafunguka. Wacuka akapiga ngemi, vile vigelegele vya kwao, kabla hajajua anampigia nani, na wanawake wa mstari mzima wakamwitikia. Watoto wakajipanga kwenye mawe. Mwalimu wa Fiati akavua kofia.

Kisha nyuma ya pikapu mbuzi akalia.

"Mkubwa amekuja na mbuzi?" Wanyoike aliuliza.

"Kwani wakubwa hawali nyama?" Wacuka akamjibu. "Waliishiba zamani kuliko wewe."

Ndambuki alifika akihema. Mutisya alikuwa amesimama juu ya kokoto, viatu vyake viking'aa, akitazama kibao. Alikuwa akijua kusoma kidogo, na hicho kidogo kilitosha.

"Mkwe," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Nimepeleka mbuzi kwa watu wengi. Kwingine nimeegesha kwenye shamba la mihogo. Hakuna hata siku moja watu waliniwekea mahali. Na mawe yakapakwa chokaa. Na kibao. Na askari." Akatoa kitambaa akajifuta chini ya miwani. "Ile siku ya kiatu, nilisema maneno. Yafuteni."

Wanyoike aligeuza shingo polepole akamtazama Ndambuki. Ndambuki alimwona Ndindi mlangoni, kashika kanga kwa meno, na akajua kwamba posa ya binti yake sasa iko kwenye mdomo wa mtu mwenye firimbi.

Mutisya akamshika Wanyoike mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe ndiye uliyekuwa unapaangalia?"

"Ni mimi, Mzee."

"Pamefagiwa vizuri. Asante sana."

Tangu lori la kijani liondoke, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Wanyoike asante. Aliinama akaokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa.

"Karibu, Mzee," akasema. "Tumekungoja sana."

Basi ikawa sherehe. Mbuzi mmoja alichinjwa, na Wacuka, bila kumuuliza mtu, akabeba jiko lake akaliweka chini ya nguzo, juu ya doa jeusi. Moshi ulipopanda kukizunguka kibao, Ndambuki akageukia ukutani, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Waliocheza walicheza juu ya kokoto, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kukavu, Wakamba wakiruka na Wakikuyu wakiwafundisha wenzao ngoma za kwao. Mutisya alitaka kuonja kile kiti cha mkokoteni alichosikia habari zake, akavutwa mpaka madukani na kurudi, ameshika bakora juu. Wanyoike alienda mbele akipiga firimbi watu wapishe. Na vyombo vilipooshwa, Ndindi aliimba.

Tangu siku hiyo mkokoteni hulala ndani ya mawe meupe. Wanyoike huufagilia.

Juzi lile lori la kijani lilirudi. Akashuka kijana mwenye brashi na kopo la rangi, akazunguka mkokoteni, akatazama jiko la Wacuka, akakaribia kibao. Ndambuki alikuwa amekaa kwenye jiwe moja la chokaa, na Wanyoike kwenye jingine.

"Wazee," kijana akasema, brashi ikidondosha matone, "tumetumwa tuongeze jina la mwenyewe hapa chini. Ila huko ofisini kila tuliyemuuliza alisema anayejua ni mwingine. Kwani hapa pamewekewa nani?"