Boksi la Maskati

Barazani petu Kibokoni, mwezi ule wa maandamano ya ushuru, tuligawanyika pande mbili. Upande mmoja alikaa Mzee Muhdhar, karani mstaafu wa bandarini, aliyeshikilia kwamba vijana wameingia barabarani kwa sababu unga haununuliki na kazi hakuna. Upande wa pili tulikaa sisi wengine wote, na msemaji wetu alikuwa Abdulghafur, mwenye duka la vikoi. Sisi tulisema kuna mkono wa nje. Mara ni mabalozi, mara ni mashirika, mara ni watu tusiowajua wanaotaka nchi ichemke. Kila siku baada ya Alasiri dele la kahawa lilizunguka, na maneno hayo yakazunguka nalo.

Mimi ni fundi wa kanzu, si msemaji. Nilikuwa nikisikiliza tu, sindano mkononi. Lakini siku moja Muhdhar alitubana. Alitaka tumtajie kijana mmoja wa mtaa huu, tunayemjua kwa jina, aliyepewa chochote na mtu wa nje. Abdulghafur akalalamika kwamba kahawa imepoa.

"Mabeberu wenu ni kama majini, yakhe," Muhdhar akasema. "Kila mtu kasimuliwa, hakuna aliyewaona."

Watu wakacheka. Nikaona uchungu.

"Khubaib kapokea boksi kutoka nje," nikasema. "Nimelibeba kwa mikono yangu."

Ilikuwa kweli. Khubaib, mtoto wa Bi Swafia anayeishi juu ya chumba changu cha kazi, hakukosa hata andamano moja. Wiki ile alinikuta mlangoni akaniomba nimshikie upande mmoja, tukapandisha ngazi pamoja, boksi zito lenye stempu na maandishi ya kigeni. Sikuuliza kilichomo. Barazani hakuna aliyeniuliza pia. Abdulghafur alinipiga begani akanijazia kikombe. Nilikuwa sijawahi kushinda mjadala kabla ya siku ile, na nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye habari zake.

Siku ya nne baada ya maneno yangu yale, vijana wakafika Digo Road. Nilikuwa dukani kwa Abdulghafur nikimpelekea kanzu mbili vitoza machozi vilipoanza kulia. Akafunga milango ya mbao, akatia komeo. Nje watu walikimbia wakikohoa. Kisha mlango ukagongwa.

"Ami Abdulghafur, fungua. Ni mimi, Khubaib."

Mkono wa Abdulghafur ulikuwa tayari komeoni. Akageuka akanitazama, akaninong'oneza, "Huyu si ndiye wa lile boksi?"

Alikuwa akiniuliza kweli. Ningejibu tu kwamba ni mtoto wa Bi Swafia, angefungua. Mikono yake ilikuwa ikitaka kufungua. Lakini niliogopa kuonekana nilisema uongo barazani, na niliogopa balaa la nje. Nikanyamaza. Khubaib akagonga tena. Mara ya tatu aligonga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Kisha tukasikia ndara zake zikikimbia kuelekea barabarani.

Risasi ilimkuta pale konani. Si mbali. Nimepima kwa miguu, ni hatua arobaini na moja.

Tulimzika Kikowani. Baada ya swala imamu aliuliza, kama ilivyo ada, "Mwamshuhudiaje marehemu?" Tukajibu, "Mtu wa kheri." Huulizwa mara tatu. Mara ya kwanza nilijibu na wenzangu. Mara ya pili sauti haikutoka. Mara ya tatu nilimsikia Abdulghafur kando yangu akijibu kwa nguvu kuliko wote, na nikajua naye hajalala.

Siku ya hitma, baada ya kusoma, wanaume tuliteremka kutoka kwa Bi Swafia hadi barazani, chini ya dirisha lake. Vikombe vya kwanza havijaisha, mazungumzo yakarudi pale pale, kwa sauti ya chini safari hii. Maskini kijana wa watu, walimtumia, na sasa hao waliomtumia wako wapi? Muhdhar alikuwa akitazama kikombe chake.

Bi Swafia akaniita juu. Alikuwa ameketi kitini, pumzi zikimtoka kwa shida. Kando yake palikuwa na mashine nyeupe yenye mpira mrefu, na nyuma yake lile boksi, ndani yake nguo za Khubaib zimekunjwa.

"Fundi, nisogezee hii karibu na dirisha," akasema. "Ndiyo ile mliyoipandisha."

Kakake Bi Swafia aliye Maskati ndiye aliyeituma, kwa ajili ya mapafu ya dadake. Khubaib hakutaka majirani wajue mamake yu mgonjwa kiasi kile. Akaniambia kijana alinishukuru sana siku ile, akisema ami kabeba upande mzito.

Nikaketi chini, nikamwambia yote. Ya barazani, ya dukani, ya komeo. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Aligonga mara ngapi?"

"Tatu."

Akaligeukia dirisha.

"Teremka," akasema. "Kayaseme pale pale ulipoyasema yale ya kwanza. Dirisha langu li wazi."

Nikateremka. Nilisimama mbele ya baraza nikawaambia kilichokuwa ndani ya boksi, na kwamba sikukijua, na kwamba mlango uligongwa nami nilikuwemo. Hakuna aliyenitazama. Abdulghafur aliinama akishika magoti yake. Kisha mmoja wao, simtaji, akasema polepole, "Lakini Maskati nako si nje?"

Juu dirishani mashine ikaanza kunguruma, ikivuta na kutoa. Wote tuliisikia. Muhdhar akapindua kikombe chake sahanini, hanywi tena.

Nikaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ya kufika juu.